Malalamiko kuhusu manukato yenu ya ubani na dharau niliyofanyiwa dukani kwenu

Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa adabu, ingawa wenzenu hawakunionyesha adabu hiyo. Risiti mnayo, masharti ya kurudisha bidhaa mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Chupa tatu za mililita 50 mnazoziita za ubani niliziagiza kwa ajili ya harusi hapa Ujiji. Moja ilifika imevuja, boksi limelowa chapachapa. Hilo ningelimeza. Lakini mbili zilizobaki zinanukia vanila na sukari, basi. Mimi ni mpambaji wa maharusi, nguo zao nazifukiza kwa mkono wangu, na ubani wa Dhofar, kule Oman, mnaojisifia naujua. Ukivunja punje yake, kwanza inanukia ndimu na msonobari, kisha pilipili manga kwa mbali. Ukiiweka juu ya kaa, harufu inageuka, inakuwa nzito. Najua pia kwamba mafuta yake hukamuliwa kwa mvuke, na mvuke huacha nyuma sehemu nzito ya utomvu, ndiyo maana mtengenezaji mwenye ujuzi huongeza vitu vingine vya kuleta ule moshi. Sikudai chupa ifanye kazi ya chetezo. Nilidai ubani uwemo.

Nikaja dukani kwenu, nikiwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Kijana wenu wa kaunta alinusa kifuniko, akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Kisha akaniambia: “Mama, ubani wa huko kwenu ni wa kufukuzia mbu. Hii ni sanaa, pua lazima ifundishwe.” Mbele ya mkwe wangu, Ndugu Meneja.

Ujiji ilikuwa ikipokea misafara kutoka pwani miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Tusifundishwe kunusa na mtoto aliyezaliwa juzi, amesimama chini ya kiyoyozi.

Kabla ya safari hiyo nilipiga simu, nikaambiwa niandike barua pepe. Nikaandika. Likaja jibu la mashine, kwa Kiingereza, likinishukuru kwa kuwa mteja wa thamani. Mnajitangaza kuwa watengenezaji wadogo, msio chini ya kampuni kubwa, mnaomjua kila mteja wenu. Mimi hamkunijua.

Narudia ya dukani kwa sababu sijamaliza. Nilikuwa nimebeba punje za ubani kwenye leso, nikazitandaza juu ya kioo cha kaunta ili anuse hiki na kile, alinganishe mwenyewe. Hakunusa. Alisema, “Mama, toa uchafu huu,” akazifagia kwa kiganja zikamwagika sakafuni. Wateja wakageuka kutazama. Mkwe wangu, mtu ambaye hata chakula hatuli meza moja kwa heshima, akapiga magoti akawa anaokota punje moja moja katikati ya viatu vya watu. Na yule kijana bado anacheka. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka fedha yangu tu. Sasa nataka fedha ya chupa zote tatu, pamoja na nauli ya treni kwenda na kurudi, maana reli ile ni zaidi ya kilomita 1,200. Nataka na barua ya kuomba radhi iliyotiwa saini na wewe mwenyewe, si msaidizi wako, ikitaja jina langu na la mkwe wangu. Na kijana huyo aondolewe mbele ya wateja.

Nawapa mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo chupa moja itakwenda Shirika la Viwango Tanzania, wanaosimamia vipodozi tangu 2019, wawaulize kwa nini boksi lenu halina orodha ya viambato. Madai yenu ya ubani wa Dhofar yatakwenda Tume ya Ushindani. Na mjue kwamba sisi wapambaji tunajuana kuanzia Ujiji, Mwanga, Mwandiga mpaka Kasulu, na harusi za Mfungo Mosi zinakuja. Hakuna bibi harusi atakayepakwa manukato yenu nikiwa hai.

Wenu,
Mpambaji wa maharusi,
Ujiji, Kigoma.

Nakala (bado haijatumwa): Shirika la Viwango Tanzania.