Risala ya Wafugaji Nyuki na Kamati ya Maliasili ya Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Nyuki Duniani, Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kijijini kwetu leo, tarehe 20 Mei.

Kikundi chetu kilianza na watu saba na mizinga ya magome. Leo tuko 31. Mizinga ya magome tumeiacha kabisa, maana kila mmoja uligharimu uhai wa mti, na asali yetu inauzwa mpaka Tabora mjini. Haya ni mafanikio makubwa, na katika kata hii hakuna waliotufikia.

Mheshimiwa, asali hiyo ni maua ya miti ya mtundu na muva ya msitu wetu wa asili. Humo imebaki miti ya mininga ambayo watu wawili hawaikumbatii wakaimaliza. Ukikatwa mmoja leo, mtoto anayezaliwa leo atazeeka kabla mwingine haujafikia unene huo. Nayo inakatwa: kwa mbao, kwa mkaa, na kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Tulifuata kila tulichoelekezwa. Mkutano mkuu wa kijiji uliridhia, mpango wa usimamizi ukaandikwa, sheria ndogo tukazitunga na kuzipeleka zikapitishwe. Huu ni mwaka wa nne. Tulipofuatilia tuliambiwa faili linatafutwa. Tukapeleka nakala ya pili, tukaambiwa tusubiri kikao. Mwaka jana vijana wetu wa doria walimkamata mtu usiku na msumeno wa mnyororo. Tukaulizwa tunamtoza faini kwa sheria ipi. Hatukuwa na jibu, akaondoka na msumeno wake.

Wageni rasmi wawili waliokutangulia, ambao tunawaheshimu sana, waliahidi chini ya mwembe huu huu kwamba watalifuatilia. Kila mmoja alituachia miche. Tunaishukuru, tumeipanda shuleni na watoto wanaimwagilia. Lakini msitu wetu hauombi kupandwa, Mheshimiwa. Kisiki cha mtundu huchipua chenyewe, mradi moto na jembe vikiache. Msitu unaomba ulinzi wenye nguvu ya sheria.

Kwa hiyo ombi letu ni hili: sheria ndogo zipitishwe, na mpima aje atuwekee mawe ya mipaka. Chakula na malazi yake ni juu yetu. Maombi ya pikipiki na sare tumeyaondoa kwenye risala hii ili hili lisimezwe.

Nakala ya tatu, yenye mihuri yote, iko kwenye bahasha ya kaki aliyoishika Katibu. Tunakuomba kwa unyenyekevu uipokee kwa mkono wako mwenyewe, na utakaposimama kuzungumza ututajie tarehe ya majibu. Wananchi wote wapo hapa kuisikia.

Naomba kuwasilisha.