Barua kwa rafiki kuhusu mlango wa msaji

Ngamiani, Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Barua yako imenifikia Jumatatu, na nimefurahi kusikia kwamba mbao za msaji, ambao wengine huuita tiki, kutoka shamba la miti la Longuza zimefika Bagamoyo salama na kwamba fundi amekwisha kuunga mlango. Unaniuliza ni vanishi gani inayoufaa. Nakuomba usinunue kopo lolote kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho, kwa sababu msaji haupakwi kama mkangazi au mninga.

Kiini chake, yaani mbao ya ndani ya gogo, kimejaa mafuta ya asili. Ukipitisha kiganja juu ya ubao uliotoka kwenye randa sasa hivi, utahisi utelezi kama wa nta na utasikia harufu inayokaribia ya ngozi iliyotengenezwa. Mafuta hayo, pamoja na viambato vingine vilivyomo, ndiyo yanayoukinga mti na mchwa na maji, lakini ndiyo pia yanayoikataa vanishi. Vanishi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani hadi ikagandamana. Viambato vya msaji huweza kuuchelewesha ugandaji huo, hivyo vanishi ikabaki inanata kwa siku nyingi, au ikakauka juu bila kuushika ubao, kisha ikaambuka kama gamba. Mwaka juzi nilipaka meza ya msaji bila kuiandaa, na siku ya tisa nilipoigusa nikakuta mistari ya vidole vyangu imechapwa juu yake. Niliikwangua yote, na iliniuma sana, maana mteja alikuwa ameniamini.

Tangu hapo kazi yangu huanza na kitambaa. Piga msasa namba 120, malizia na 180, usiende laini zaidi ya hapo, kwa sababu uso uliosuguliwa kupita kiasi haunywi kitu. Kisha chovya kitambaa cheupe katika asetoni, kiyeyusho kinachoondoa mafuta, ufute kwa kufuata nyuzi za ubao. Kitatoka na rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Badilisha kitambaa na ufute tena mpaka weusi upungue, halafu paka saa hiyohiyo, kwani mafuta ya ndani hupanda tena juu. Tina kali, yaani kiyeyusho cha rangi za kupuliza, nayo hufaa. Fanya kazi hiyo uani penye hewa, mbali na jiko.

Kwa meza au kabati la ndani, ningekushauri uanze na shelaki (utomvu wa wadudu unaong'arisha mbao) isiyo na nta, iliyoyeyushwa kwa spiriti, kwa kuwa hushika vizuri juu ya mbao zenye mafuta na huipokea vanishi itakayofuata. Nje haifai, kwani unyevu huifanya iwe nyeupe.

Lakini mlango wako unatazama bahari, unapigwa na jua la asubuhi na chumvi ya kaskazi. Hapo mimi singepaka vanishi kabisa. Utando wake hupasuka, maji huingia chini yake, na siku ya kuurudia utalazimika kuukwangua wote. Afadhali mafuta ya kupaka mbao. Yale yanayouzwa kwa jina la mafuta ya tiki hayakukamuliwa kutoka kwenye mti huo. Kwa kawaida ni mafuta ya kitani au ya mbegu za mti uitwao tung yaliyochanganywa na vanishi na tina. Mafuta ya kitani peke yake huvutia kuvu penye unyevunyevu, kwa hiyo uliza yenye dawa ya kuvu. Paka mkono mwembamba, yaani tabaka moja, subiri kama dakika 20, kisha ufute yote ambayo ubao haukuyanywa. Kesho yake rudia, halafu kila mwaka kabla ya masika.

Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivirundike pembeni, kwani huzalisha joto vyenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje mpaka vikauke, au vizamishe ndani ya ndoo ya maji.

Ukichoka na kazi hii ya kila mwaka, uache mlango bila kitu. Utageuka kijivu cha fedha, na kiini hakitaharibika kwa hilo. Milango mingi ya kale ya Mji Mkongwe ni ya msaji. Angalia tu mbao nyeupe ya pembeni, ambayo haina kinga hiyo. Fundi akiwa amekuwekea kipande chake, mwambie akitoe.

Jambo moja zaidi, nalo ni la haraka: mlango usitundikwe kabla ukingo wake wa chini haujapakwa. Pale ndipo vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, vilipo, na vichwa hunywa maji kuliko uso, ilhali ukishatundikwa brashi haifiki tena. Uinamishe juu ya magogo mawili, uvipe vichwa mafuta mikono mitatu, na baada ya hapo ndipo ulete bawaba.

Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Ngamiani