Barua ya wazi kwa Kamanda: mbwa wenu na sufuria yangu ya rojo

Mheshimiwa Kamanda,

Kwanza salamu, maana hata aliyeudhiwa hana ruhusa ya kukosa adabu. Mimi ni mpishi wa harusi hapa Majengo, mwaka wa kumi na tisa huu. Huenda umewahi kula biriani yangu bila kujua. Wakubwa hualikwa kwingi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napeleka chakula cha walima upande wa Kisauni, kwa pikapu ya kukodi. Masufuria mawili ya wali, moja la rojo la mbuzi nililolifunika kwa foili na juu nikalifunga leso. Saa nne unusu tukasimamishwa. Askari akatazama leseni ya dereva, akatazama bima, akazunguka magurudumu. Hakuna kosa. Nikashika mkoba nikijua tunaondoka. Akasema tungoje, mbwa yuaja.

Tukangoja juani saa nzima na robo. Hakuna aliyetwambia tunashukiwa nini. Nilipouliza nikajibiwa, "Mathe, kama huna kitu unaogopa nini?" Naogopa wali kupoa, mwanangu, na watu mia mbili kukaa kwenye jamvi wakitazamana.

Mbwa alipofika, ulimi uko nje kwa joto, nilimwomba mwenye kumshika kwa heshima zote anipe dakika mbili nishushe chakula na mswala wangu, kisha apekue hadi uvunguni mwa gari. Akasema nisiwafundishe kazi. Akampandisha mbwa, akaamuru leso ifunguliwe. Mimi nimeambiwa mbwa aliyefunzwa akinusa dawa za kulevya huketi, au hukwaruza pale pale, ndiyo ishara yake. Huyu hakuketi. Alilamba.

Wakacheka. Mmoja akaniambia nichote pale juu tu nitupe, panapobaki pako sawa.

Mheshimiwa, huenda wewe si wa dini yangu, kwa hivyo nitaeleza polepole. Sisi wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Chakula kikavu, ndiyo, huondolewa palipoguswa na jirani yake. Lakini rojo ni maji maji, na lililoguswa ni rojo lote. Na hata angepatikana mwanachuoni wa kunipa ruhusa, nani angenyoosha mkono kwenye sinia lile? Dereva alikwishapiga simu, habari zikafika harusini kabla yangu. Nilimwaga rojo la shilingi 32,000 kando ya barabara na mama wa bwana harusi hajanilipa hata wali. Simlaumu.

Simchukii mbwa. Watu wa pangoni walikuwa na mbwa wao na Qurani imemtaja. Wala sitetei unga, usije ukanigeuzia hapo. Mtoto wa dada yangu ni teja, hulala ngazi za duka la watu. Mngemnasa anayemuuzia ningewapikia kikosi kizima bure. Lakini mwaka 2014 tulionyeshwa meli ya Al Noor ikilipuliwa baharini na mamia ya kilo za heroini ndani yake. Ilikuja kwa bahari, ikiwa meli nzima. Haikuja ndani ya sufuria.

Mwanangu wa mwisho anasoma sheria. Ananiambia Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mwili, nyumba na mali ya mtu visipekuliwe ovyo, na cha 32 kinalinda dini yake. Cha 244 kinawataka nyinyi wenyewe mjenge uhusiano mwema na jamii. Akanisomea pia kesi ya Marekani. Mtu alisimamishwa Nebraska kwa kosa la barabarani, akapewa onyo lake, kisha akazuiwa dakika saba au nane zaidi ili mbwa azungushwe garini. Mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu ikasema kusimamishwa kwa kosa la barabarani hakurefushwi kumngoja mbwa kama hakuna sababu ya kumshuku mtu. Najua hukumu ya Marekani haitufungi sisi. Lakini dakika nane zile zimenikaa rohoni. Mimi nilikaa sabini na tano, na yule angalau alikutwa na dawa kweli.

Kwa nini walifanya vile? Labda ni vijana waliohamishiwa huku juzi na hakuna aliyewaeleza desturi za mji. Labda dereva alitarajiwa atoe kitu naye hakutoa. Labda mbwa hakuwa amekula. Hilo la mwisho ndilo naliamini zaidi.

Mwezi wa Mfungo Sita wewe mwenyewe ulikuja kwenye baraza letu, ukanywa kahawa chungu, ukasema askari wako watauheshimu mji huu na ustaarabu wake. Tulikupigia makofi, mimi wa kwanza. Nilikuwa nimepika siku ile pia. Na ubavuni mwa gari lile la Jumamosi paliandikwa Utumishi kwa Wote. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuyasoma maneno hayo.

Nilikwenda kituoni kushtaki, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa Jumatano. Nilitaka kukudai fidia, nilitaka na radhi iliyoandikwa. Nimechoka, nimeziacha zote mbili. Nabakisha moja tu: mbwa asipandishwe garini kabla mwenye gari hajaambiwa sababu na hajashusha chakula chake na mswala wake. Dakika mbili, Kamanda. Mwenye unga hawezi kuula wote kwa dakika mbili.

Sufuria nimeliosha mara saba, moja kwa udongo wa uani. Lipo ukutani limeinamishwa. Jana mteja wa harusi ya mwezi ujao alikuja kulipa rubuni, akalitazama, akaniuliza kama ndilo lile. Nikamwambia nitaazima lingine.

Wako mtiifu bado,
Mpishi wa Majengo, Mombasa