Herufi ya namba isipange bei ya Toyota IST

Ndugu Mhariri,

Fungua matangazo yoyote ya magari yaliyotumika, utakutana na maneno yale yale: "IST namba D, kali", "IST namba E, kama mpya". Mwaka wa kutengenezwa hautajwi, injini haitajwi, gia boksi ndiyo kabisa. Herufi moja kwenye kibao cha namba imekuwa ndiyo mizani ya bei, na familia zinazonunua gari lao la kwanza zinatoa fedha za ziada kwa ajili ya herufi hiyo. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kukagua magari haya, inauma kuona akiba ya mtu ya miaka mingi ikipotea kwa kosa linaloweza kuzuiwa kwa kufungua boneti tu.

Namba hutolewa gari linaposajiliwa Tanzania kwa mara ya kwanza, herufi zikifuata alfabeti, D kabla ya E, na haibadiliki hata likipita mikononi mwa watu kumi. Inachosema ni muda ambao gari limekanyaga mashimo yetu. Hilo lina maana yake, hasa kwa bushi, shokapu na boljointi, lakini si umri wa gari. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007. Ya 2003 iliyoshuka bandarini hivi karibuni inavaa E. Ya 2006 iliyoingia zamani inavaa D. Sokoni ile ya 2003 ndiyo inayoitwa mpya, na ndiyo ghali.

Umri wa kweli anza kuutafuta kwenye namba ya chesesi, ile ya utambulisho wa gari lenyewe. Fungua boneti, tazama kwenye ukuta wa bodi unaotenganisha injini na kabini: namba imechongwa pale, na kibati cha modeli kipo ndani humo humo. Ikianza na NCP60, injini ni 2NZ-FE, cc 1,298. NCP61 ni 1NZ-FE, cc 1,496. NCP65 ni hiyo hiyo 1NZ yenye kuvuta magurudumu yote manne. Kabla ya herufi hizo kwenye kibati kuna nyingine tatu au mbili: TA au UA ni gari lililopitishwa kwa viwango vya moshi vya Japani vya 2000, CBA au DBA ni la viwango vya 2005, yaani la miaka ya mwisho ya toleo. Halafu vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Kwa kawaida chini kabisa kuna kilebo chenye mwaka wa kutengenezwa mkanda, na ukikuta mkanda na kibati havikubaliani, uliza gari liligongwa wapi.

Usiuache mkanda huo haraka. Ukiwa umeuvuta wote, angalia nyuzi za mwisho, zile ambazo huwa zimejikunja ndani ya nguzo. Mstari wa rangi ya udongo pale ni maji ya mafuriko. Dar es Salaam tunayajua maji ya Jangwani na bonde lote la Msimbazi yanavyopanda. Gari lililozama husafishwa viti na kupuliziwa manukato, lakini hakuna anayesafisha ule mwisho wa mkanda, wala kutu ya boliti za viti chini ya zulia. Gari la namna hiyo likiwashwa leo litawaka vizuri. Soketi za waya zitaanza kuliwa taratibu, na baada ya miezi utabadilisha sensa moja baada ya nyingine bila kujua ugonjwa uko wapi.

Kwa nini IST haishuki bei? Chukua mfano wa gari ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi 5,000,000. Ushuru wa forodha wa 25% ni 1,250,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyo kati ya cc 1,000 na 2,000 ni 5% ya thamani pamoja na ushuru huo, yaani 312,500. Gari lililozidi miaka 10 linaongezwa 30% ya uchakavu kwa hesabu hiyo hiyo: 1,875,000. Juu ya jumla yote hiyo, VAT ya 18%, ambayo ni 1,518,750. Kodi hizo peke yake zinafika 4,956,250, karibu sawa na gari lenyewe, kabla ya tozo ya reli, ada ya forodha na gharama za bandari. Na thamani hiyo ya forodha haitoki kwenye risiti yako: Mamlaka ya Mapato (TRA) ina jedwali lake la magari yaliyotumika, na kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti yao. Muuzaji aliyeko Temeke anajua kwamba ukimkatalia utaenda kuagiza kwa gharama hiyo, ndiyo maana anasimama pale pale. Shilingi ikiyumba mbele ya dola, IST yake inapanda bei hata kama hajaiongezea nati moja. Toleo la kwanza lilikwisha 2007, kwa hiyo zilizobaki Japani zinapungua kila mwaka. Kwa jirani zetu Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliingii, IST imeshafungiwa mlango kabisa, maana hata toleo la pili liliisha 2016.

Bei ikiwa imekaza hivyo, cha kutazama ni hali ya gari. Injini za NZ zina mnyororo wa taimingi, si mkanda, na zinadumu sana zikitunzwa. Zinaharibiwa na mazoea ya gereji. Zinachukua oili lita 3.7 ukibadilisha na filta. Fundi anafungua galoni ya lita 4 na kumimina yote. Ziada ikiwa kubwa inaweza kufika kwenye krenki, oili ikapigwa povu, na povu halilainishi chuma. Wengine wanaweka oili nzito kwa hoja kwamba "injini imechoka", ilhali njia za oili za VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, ni nyembamba na zilitengenezwa kwa 5W-30. Chomoa kijiti cha oili kabla gari halijawashwa. Oili ikiwa juu ya alama, au nyeusi na nzito kama lami, umeshajua gari limelelewaje.

Kosa lingine ni tamostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Gari likichemsha, mara nyingi kwa sababu limekuwa likijazwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), fundi anaing'oa tamostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha, mteja anafurahi, na tangu siku hiyo injini haifikii joto lake. Kompyuta inadhani bado ni baridi, inazidisha petroli. Wanaolalamika kwamba "IST inakunywa" waanzie hapo kabla ya kununua koili na plagi.

Gia boksi ya toleo la kwanza ni otomatiki ya gia nne, inayotumia mafuta ya T-IV. Lijaribu gari likiwa la baridi. Weka gia ya D (mbele), kisha R (nyuma), ukiwa umekanyaga breki: likikawia sekunde kadhaa kisha likaruka, au mafuta yake yakanuka kuungua, achana nalo hata kama ni namba E. Toleo la pili lenye cc 1,500 la NCP110 lina CVT, gia boksi inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua, na hiyo ni habari nyingine kabisa: lina mafuta yake maalumu, na haidroliki ya kawaida, yaani mafuta ya otomatiki nyingine, ikiingia humo mkanda huo unateleza na kujikwangua. Usinunue NCP110 kwa mtu asiyeweza kukuambia aliweka mafuta gani.

NCP65 ikaguliwe chini, ikiwa imenyanyuliwa. Japani magari ya namna hiyo hupendwa sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula bomba za breki. Na namba ya njano inayong'aa kwenye gari lenye usukani uliolika iulizwe kama iliwahi kuwa nyeupe, yaani ya biashara. IST nyingi zimefanya kazi ya abiria kutwa nzima kabla ya kuwa "gari la mama".

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Kila tangazo la gari mnalopokea, mdai mambo matatu: herufi na namba za mwanzo za chesesi, mwaka wa kutengenezwa, na aina ya gia boksi. Ni maneno sita au saba, yanaenea kwenye mstari mmoja. Herufi ya kibao mkiiacha ibaki, sawa, lakini iwekwe mwisho.

Mkaguzi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam