Mume wangu anasema kwangu yeye ni kifaa tu

Shikamoo Shangazi,

Kunakucha na sijapata hata lepe la usingizi. Mume wangu analala chumba cha pili tangu aseme lile neno, na kabla hujaniambia tukae tuzungumze, tumeshazungumza. Alisema, "Mimi kwako ni kifaa tu."

Mimi nilizaliwa bila uke na bila mji wa mimba. Mambo haya unayajua, sitayaeleza sana. Nilikua kama wenzangu, matiti yakaota, ila hedhi haikuja, ndipo hospitali wakagundua. Daktari alisema tupo karibu 1 kati ya wanawake 5,000, ovari zangu ni nzima, na mimi ni mwanamke kamili. Mume wangu aliyajua yote kabla ya posa, na la watoto tulilimaliza wakati huohuo. Kwa hiyo usinijibu kama mke aliyemdanganya mtu.

Nilifanyiwa upasuaji, wakanitengenezea njia kwa ngozi ya paja. Baada ya hapo vikaja vile vifaa vya kupanulia, unaanza na chembamba unapanda hadi kinene, kila siku, mlango nimeutia komeo. Nilishikilia hivyo hadi nikaolewa. Daktari alisema nikiwa na mume na tukikutana mara kwa mara naweza kuviacha, ila tukikaa muda mrefu bila chochote njia inaweza kusinyaa.

Basi hilo ndilo nililomwambia. Wiki zilikuwa zinapita, kila usiku amechoka, nikamwambia tusipofanya itasinyaa. Ni maneno ya daktari, Shangazi, sikuyatunga mimi. Ndipo akaniita mtu wa kutumia watu, akasema hilo la kifaa, akageukia ukutani. Kifaa! Mtu niliyemwachia apitishe kidole gumba kwenye kovu la paja langu, lile la pembe nne lililopauka, ambalo hata mama yangu hajaliona tangu lipone.

Vifaa mimi navijua. Ni vya baridi. Unapaka kilainishi, unaingiza taratibu, unalala chali unatazama saa mpaka dakika zitimie. Ningewezaje kumfananisha yeye na kitu kama hicho?

Ila hata nikiwa naye huwa nangoja dakika zitimie. Siumii. Kilainishi tunatumia kwa sababu ngozi ile haina ute wake, na maumivu ya mwanzo yalikwisha. Lakini ndani nasikia kama kusukumwa tu, na akili yangu yote iko kwenye kupima: imeingia yote? Ameona tofauti? Akimaliza nashukuru kwamba imekubali. Akiniuliza kama nimeridhika nasema ndiyo, na ningesema nini kingine, baada ya yote yale?

Halafu kuna jambo ambalo hata kuliandika naona haya. Nikiguswa kwa nje, kwenye kinembe, nasikia vizuri sana. Daktari alishaniambia kwamba pale upasuaji haukupagusa, na kwamba hata wanawake waliozaliwa na kila kitu, wengi hufika kileleni kwa kuguswa palepale. Mimi nimefika, nikiwa peke yangu. Yeye hajui. Hapagusi, kwa sababu anaamini ninachokitaka ni kile nilichokihangaikia tangu usichana. Nikimwambia leo, hataona kwamba alisema kweli? Kwamba miaka yote kazi yake ilikuwa kuzuia njia isizibe, na raha yangu iko mahali pengine?

Kwa sasa simhitaji. Nimevirudia vifaa vyangu, navyo havinisemi. Akae hukohuko. Lakini mlango wa chumba siufungi, na nikisikia anaamka kunywa maji moyo unanienda mbio.

Usiniambie niachane naye. Wala usiniambie nimwombe radhi kwa neno ambalo alilisema yeye. Ninachouliza ni hiki: mke anamwambiaje mumewe "niguse hapa", wakati mume ameshajiona hana thamani? Au ninyamaze, arudi kitandani tu, nami niendelee kungoja kama zamani? Tafadhali nijibu wewe mwenyewe, na jina langu usilitoe.