Kwa Hamisi, kuhusu springi iliyoruka

Mbagala, Dar es Salaam

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, Mama Zuhura anakusalimu wewe na shemeji, na joto la mji limeshaanza kutuonyesha kazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza huku nacheka, unisamehe. Mtu mzima, fundi wa bunduki anayetegemewa na wawindaji, yuko magotini na tochi mdomoni anatafuta kisipringi chini ya meza ya karakana, na bosi wake yuko mlangoni anauliza bunduki ya mgeni itakuwa tayari lini! Ningekupigia, ila jambo hili nina maneno mengi nalo na vocha yangu haitoshi.

Kama nimekuelewa, kilichoruka ni springi ya ejekta ya bunduki ya Remington 700. Mimi bunduki nazijua kwa maneno yako tu, lakini hiyo ulinifafanulia vizuri tulipokutana Idi: usoni pa boliti, kile chuma kinachovutwa nyuma na mbele kuingiza risasi na kutoa ganda, kuna kitundu, ndani ya kitundu kuna springi, juu ya springi kuna kipini kinachosukuma ganda la risasi litoke nje, na vyote hivyo vimezuiwa na pini moja nyembamba iliyopita kwa ubavu. Ukigonga pini hiyo bila kuziba kitundu kwa kidole, springi haikusubiri. Ndiyo sababu ulisema unaipenda Mauser ya 1898, maana ejekta yake ni ubapa wa chuma ulioshikiliwa pembeni, hauna haraka ya kwenda popote. Sawa. Lakini wateja hawakuletei Mauser peke yake, na Remington 700 ziko sokoni tangu 1962, kwa hiyo balaa hili utakutana nalo tena.

Sisi mafundi wa saa tunalo hilohilo, ila letu ni dogo zaidi. Unajua Seiko 5 ndizo zinazonilisha. Nyingi ninazoletewa zina mashine ya 7S26, ile iliyotoka 1996. Kwenye ncha ya ekseli ya balansi, lile gurudumu dogo linaloyumba huku na huku kuipa saa mwendo, kuna kijiwe, na kijiwe kimekaliwa na springi ya majani matatu ili saa ikianguka ekseli isivunjike. Springi yenyewe ni kama punje ya ulezi. Huwezi kusafisha mafuta yaliyoganda pale bila kuizungusha taratibu mpaka itoke kwenye mfereji wake, na hapo ndipo chumba kizima kinapoacha kuongea.

Sasa ninachoamini ni hiki, na najua utabisha: kitu hakipotei kinaporuka. Kinapotea fundi anapoinuka. Kikishafyatuka, mara nyingi kimeangukia karibu: mapajani, kwenye kunjo la mkono wa shati, pembeni ya mguu wa meza. Kinakaa hapohapo kinakungoja. Wewe unafanya nini? Unaruka kutoka kwenye kiti, kilichokuwa mapajani kinamwagika, kiti kinasukumwa nyuma, miguu inakanyaga huku na huku, na kitu kilichokuwa hatua moja kutoka kwako sasa kiko chini ya kandambili yako kinasafiri. Kijana ninayemfundisha kazi aliwahi kupoteza skrubu ya daraja la balansi mchana, akatafuta, akakata tamaa, adhana ikaadhiniwa akaenda zake kuswali. Skrubu tuliikuta jioni imejichimbia kwenye soli ya ndala zake. Ilikuwa imekaa mlangoni pa msikiti na viatu vya watu wote, imerudi, na hakuna aliyeichukua. Alhamdulillahi.

Kwa hiyo humu ndani kuna amri moja, na hata Mama Zuhura anaifuata akiwa ameniletea chai: kitu kikiruka, hakuna anayesogea. Unabaki ulivyo. Unasikiliza, maana sakafu ya marumaru inakusemea. Chuma kikigonga marumaru kinalia mara mbili tatu na unajua kimeelekea upande gani. Sementi haisemi kitu, ila nayo ina wema wake, kwa sababu imekwaruzika, kitu hakirukiruki sana. Kisha unazima feni. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mji huu, Hamisi. Wewe huko na ubaridi wa Meru huwezi kuelewa. Nikizima feni mwezi wa pili, jasho linatiririka mpaka kwenye lenzi ninayovaa jichoni. Lakini feni inapeperusha springi ya saa, na inaleta vumbi la barabarani. Kwa hiyo nimeihamishia nyuma yangu, inapuliza mgongo, meza haiguswi na upepo.

Baada ya hapo unajipekua mwenyewe kwanza. Mifuko ya shati, mikunjo ya suruali, nywele, vidole vya miguu. Halafu meza, yote, hata chini ya kitambaa. Sakafu ni ya mwisho. Watu wengi wanaanza na sakafu kwa sababu ndiyo inayotisha. Na ukifika sakafuni, usimulike kwa juu kama mlinzi anayetafuta mwizi. Laza simu chini kabisa, tochi iangaze kwa ubavu, uweke shavu lako karibu na sakafu. Hapo kila chembe inapata kivuli kirefu, na kitu usichokiona kwa dakika ishirini kinajitokeza chenyewe. Utagundua pia jinsi nyumba yako ilivyo chafu, lakini hilo ni la shemeji kukuambia.

Sumaku ndipo njia zetu zinapoachana, na hapa ninakuonea wivu. Wewe ipitishe sakafuni bila wasiwasi. Springi yako ni chuma, itanasa, na bunduki haitajali. Funika sumaku kwa karatasi au mfuko, ili ukimaliza uuvute mfuko na vyuma vyote vidondoke pamoja, badala ya kuanza kung'oa vumbi la tupa kwa kucha. Mimi sumaku naiogopa. Ile springi ya balansi iliyo nyembamba kama nywele ikishika usumaku, mizunguko yake inagandana, na saa inaanza kukimbia. Mteja anarudi kesho yake anasema fundi umeniharibia, nimefika kazini watu hawajafungua geti. Halafu nusu ya vitu vyangu ni shaba na mawe, ambavyo sumaku haivitambui kabisa. Ninayo moja, inakaa jikoni, na ikitumika kwenye sakafu, saa zote zinatolewa chumbani kwanza.

Wapo mafundi wanaokwambia urushe springi nyingine inayofanana, makusudi, uangalie inaangukia wapi. Nimewaona wakifanya hivyo. Matokeo yake wanatafuta mbili.

Kufagia nako kuna utaratibu wake. Hapa kwangu uchafu wa chumba cha kazi hautupwi siku hiyohiyo. Unafagiwa kwa mfagio laini, si wa chelewa, maana chelewa zinarusha vitu vidogo mbali na kuvisukuma kwenye nyufa. Unazolewa, unawekwa kwenye kopo, na Ijumaa kijana anaupitisha kwenye chekeche la unga ambalo Mama Zuhura ameshalisamehe. Usiulize yanayotoka humo! Pini za mikanda, skrubu, taji za saa, vile vifundo vya kuzungushia mishale, ambazo wateja wake wameshahamia mikoani. Zamani uchafu ulikuwa unakwenda moja kwa moja uani, na kuku wa jirani wanapenda chochote kinachong'aa. Skrubu ikishamezwa na kuku, nimdai nani? Na kama mwajiri wako ana ile mashine ya kufyonza vumbi, vuta soksi nyembamba ya nailoni mdomoni mwa bomba, ukaze kwa mpira. Vumbi linapita, springi inabaki kwenye soksi.

Lakini haya yote ni matibabu. Dawa yenyewe ni kitu kisipate nafasi ya kuruka. Ulipotoa pini ile, boliti ilikuwa hewani, sivyo? Ingiza mikono na boliti ndani ya mfuko unaoona ndani, fanya kazi humo humo. Springi itaruka, itapiga plastiki, itaanguka mbele ya macho yako. Tatizo tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko mpana unaofaa kwa kazi hii haupatikani hivihivi. Mimi naweka akiba ya ile inayokuja na mikate, inapanguswa makombo kwanza.

Kuna na kitambaa cha mapajani. Watengenezaji wa vito na saa wana mtindo wa zamani wa kufunga aproni kutoka ukingo wa meza mpaka kiunoni, kinachoanguka kinadakwa kabla hakijafika chini. Nilianza na kanga, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu. Usitumie kanga. Ina maua, ina mapindo, ina maneno; skrubu ikiangukia kwenye maandishi unabaki unasoma methali badala ya kuokota. Shuka jeupe lililochakaa ndilo lenyewe. Na meza iwe juu, ifike kifuani, viwiko vikae juu yake. Mafundi wengi hapa mjini wanafanyia kazi kwenye meza ya kawaida wameinama, kisha wanalaumu macho.

Kibano nacho. Watu wanadhani ukibana kwa nguvu ndipo unashika vizuri. Kinyume chake: kibano kikikazwa kupita kiasi ncha zinapishana, kitu kinafyatuka katikati yake. Shika kwa uzito wa kutosha tu kisianguke, na ncha zikikwaruzika zinyooshe kwenye jiwe laini la kunolea mpaka zikutane sawasawa. Kijana wangu alichukia kazi hiyo ya jiwe. Siku hizi ananisema mimi nikiacha kibano kibaya mezani.

Pengo la chini ya kabati lizibe. Ubao mwembamba, hata boksi lililokunjwa. Sielewi kwa nini watu wanaacha mlango wazi kwa vitu vinavyotafuta pa kukimbilia.

Sasa, kuhusu swali lako la mwisho, ulilolisema harakaharaka kama unaona haya: eti ukate springi ya kalamu uweke, bunduki iende. Hamisi, hapana. Nakujua, najua usingelifanya, lakini umelisema, na bosi akiwa mlangoni mtu anaweza kujishawishi. Kwangu mimi springi isiyo yake ikikaa kwenye saa, hasara ni mtu kuchelewa gari la asubuhi. Hata hivyo siweki. Mzee mmoja aliniletea saa aliyopewa alipostaafu bandarini. Kulikuwa na kipande kimepungua kabla haijafika kwangu, na nilimwambia waziwazi kwamba hii itasubiri mpaka nipate mashine nyingine iliyokufa ya aina hiyohiyo niitolee. Alinung'unika, akakubali. Kufa kufaana, na Kariakoo saa zilizokufa hazikosekani, ni kuzunguka tu.

Wewe huna ruhusa ya kubahatisha. Springi ya ejekta ikiwa dhaifu, ganda linabaki limeng'ang'ania, na mtu amesimama mbele ya nyati anavuta boliti bila kupata nafasi ya risasi ya pili. Ulinieleza mwenyewe kwamba hata ile springi ya pini ya kufyatulia ikilegea, pini inagonga kichovu na risasi haiwaki. Basi hesabu ni ileile. Mwambie bosi bunduki haitoki mpaka springi yake ipatikane au ije nyingine halali. Boliti uitenge, uifunge karatasi yenye namba ya bunduki, ili asije mwenzako akaikuta mezani akadhani imeshakamilika akaifunga. Wewe unafanya kazi ya leseni, ndugu yangu. Kila bunduki imeandikwa mahali na jina la mtu liko juu yake. Bosi atakasirika leo. Mgeni atawindia bunduki nyingine, nina hakika hamkosi ya akiba.

Na ukipata mpya, usiagize moja. Agiza na pini yake, na kipini chake, uweke kwenye vikopo vyenye vifuniko. Mimi nimepanga vyangu kwenye vichupa vya dawa za macho vilivyokatwa, kila mashine na kichupa chake, na bado kijana anauliza kwa nini tusitumie sahani moja. Sahani! Paka akipita?

Kesho asubuhi naenda Mbezi, kwenye kituo cha Magufuli, nakutumia kifurushi kwa basi. Ndani yake kuna kibano cha pili ambacho nimekinoa mwenyewe, mifuko ya mkate iliyosafishwa, na shuka jeupe ambalo Mama Zuhura anadhani bado liko kabatini, kwa hiyo ukimpigia simu usishukuru kwa sauti. Nikishampa konda nitakutumia namba yake na namba ya gari. Nenda mwenyewe kupokea, usimtume yule kijana wa getini. Mara ya mwisho kifurushi kililala stendi siku nzima.

Gari likirudi niwekee maharage ya huko, yale ya njano. Ya hapa sokoni tunayachemsha mpaka mkaa unaisha.

Ndugu yako,
Fundi wa Mbagala