Mabango ya San Francisco ni kazi ya mafundi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vijana wa San Francisco wa miaka ya 1960 imenikera. Mwandishi ameeleza kirefu nywele, bangi na dawa za kulevya, kisha mabango ya kutangaza maonyesho ya muziki akayamaliza kwa sentensi moja: eti yalichorwa na watu waliolewa, ndiyo maana hayasomeki.

Dawa zilikuwepo, na ziliharibu wengi. Lakini mimi nimeishi kwa kazi ya kupiga chapa tangu ujana wangu, na najua bango kama yale halitoki kwenye mashine ya ofseti kwa kubahatisha. Kila rangi ina pleti yake, yaani bamba la kuchapia. Karatasi ikisogea kiasi cha unywele, kazi yote unaitupa.

Chukueni Victor Moscoso, mmoja wa wachoraji wa mabango hayo. Huyu alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akafundishwa na Josef Albers, bingwa wa elimu ya rangi. Alikutanisha nyekundu na buluu zenye ukali sawa, bila mstari mweusi katikati, na jicho likashindwa kuamua ipi iko mbele. Ndipo kingo za herufi zinapoanza kutetemeka. Kuna mabango ambayo alipandanisha picha za rangi mbalimbali, ukiwasha taa nyekundu na ya buluu kwa zamu, picha inacheza. Jaribuni wenyewe: chora kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe, zima taa, washa taa nyekundu. Mchoro unapotea! Vijana niliowafundisha kazi walishangilia walipoona.

Wes Wilson naye alikuwa mtu wa kiwanda cha uchapaji kabla ya kuvuma kwa mabango aliyouchorea ukumbi wa muziki wa Fillmore. Herufi zake zilizovimba na kubanana alizijenga juu ya zile za Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1967 Wilson alikosana na Bill Graham, mwandaaji wa maonyesho ya Fillmore, kuhusu malipo. Akachora nyoka mwenye alama ya dola mdomoni, akaondoka. Nafasi yake aliishika Bonnie MacLean, ambaye awali aliandika kwa chaki matangazo ya ukumbini humo. Mwandishi wenu hakumtaja kabisa mama huyu, na hilo limeniuma kuliko yote.

Kuhusu kusomeka, herufi zile zilifanywa ngumu makusudi. Mpita njia alisimama, akakaza macho, na alipomaliza kufumbua jina la bendi na tarehe, vyote vilikuwa vimeshamkaa kichwani.

Nyinyi mmelitoa bango la Moscoso kwa nyeusi na nyeupe, yaani mmeondoa kazi yake yote mkabakiza karatasi. Ukurasa wenu wa michezo hutoka na rangi kila siku. Naomba mlichape upya hapo, kubwa, na fundi wa zamu azipange rangi zikae sawasawa.

Mchapaji mstaafu,
Keko, Dar es Salaam